Kambi ya Balad, Iraq: nani aliijenga, nani aliilinda, na ule moshi ulitoka wapi

Swali la msomaji kutoka Tororo, Uganda: Kaka yangu alikuwa mlinzi wa getini katika kambi ya Balad nchini Iraq, kuanzia mwaka 2008 hadi 2010. Akianza kusimulia anasema mle ndani mlikuwa na sinema, mabwawa ya kuogelea, maduka ya piza, na moshi mweusi usiokoma usiku na mchana. Hapa nyumbani wengi hawamwamini. Wanasema hakuna anayejenga mji katikati ya vita. Naomba kujua kambi hiyo ilijengwa na nani, iliendeshwaje, na iliishia wapi. Tena alirudi na kikohozi ambacho hadi leo hakijamwacha.

Jibu:

Dada, kaka yako hajaongeza chumvi. Sinema ilikuwapo. Mabwawa yalikuwa mawili, moja la nje na jingine ndani ya jengo. Na kuhusu moshi, nadhani amewapunguzia. Historia ya kambi za kigeni nchini Iraq nimeifuatilia kwa muda mrefu, na Balad ndiyo ninayoona imesimuliwa kwa upungufu mkubwa zaidi. Wanaandikwa marubani, majenerali na wasanii waliokwenda kuwatumbuiza wanajeshi. Walioiwezesha kuamka kila siku, yaani waliopika, walioendesha malori, waliochoma taka na waliosimama getini kama kaka yako, hutajwa kwa sentensi moja. Kwa hiyo nitakujibu nikiwaanza hao kila nitakapoweza.

Kwanza, Wamarekani hawakuijenga. Waliikuta. Kambi iko karibu na mji wa Balad, mkoa wa Salahuddin, kama kilomita 65 kaskazini mwa Baghdad, katika ukanda wa mashamba na mitende unaonyweshwa na mto Tigris. Jeshi la anga la Iraq liliiita Al-Bakr, kwa jina la Ahmed Hassan al-Bakr, aliyekuwa rais tangu 1968 hadi Saddam Hussein aliposhika nafasi yake mwaka 1979. Iraq ya wakati huo ilikuwa na fedha nyingi za mafuta, na kuanzia 1980 ikaingia katika vita vya miaka minane na Iran. Ilikuwa pia na somo la Juni 1967, pale Israel ilipoziteketeza ndege za nchi za Kiarabu zikiwa bado zimeegeshwa. Ndiyo sababu kambi zake mpya zilijengwa kwa zege nene. Balad ilikuwa na mabanda 39 ya zege ya kufichia ndege. Yale yaliyo kwenye ncha za njia kuu ya kurukia yalijengwa na wakandarasi kutoka Yugoslavia kabla ya 1985, na askari wa Kimarekani waliokuja baadaye wakawa wanayaita kwa jina la nchi hiyo. Njia kuu za kurukia ni mbili, kila moja ikiwa na urefu wa takriban kilomita tatu na nusu. Ndege yoyote kubwa ya mizigo inaweza kutua hapo.

Zege hilo halikuiokoa Iraq. Katika vita vya 1991 mabomu yanayoongozwa kwa mitambo yalitoboa mabanda ya aina hiyo katika kambi mbalimbali, na ndege zaidi ya mia moja za Iraq zikakimbilia Iran, adui wa jana. Nyingi hazikurudi. Mwaka 2003 jeshi la anga la Iraq halikuruka kabisa kupigana. Huko Al-Taqaddum, magharibi mwa Baghdad, Wamarekani walichimbua ndege za MiG-25 zilizokuwa zimefukiwa mchangani.

Balad ilishikwa Aprili 2003. Jeshi la nchi kavu la Marekani likaiita Anaconda, na kazi yake ikawa kuhifadhi na kusambaza vifaa. Upande wa jeshi la anga waliendelea kusema Kambi ya Anga ya Balad, na mwaka 2008 pande zote mbili zikaunganishwa chini ya jina la Kambi ya Pamoja ya Balad. Kwa vile kaka yako alifika mwaka huohuo, utamsikia akitumia majina haya yote. Msidhani anazungumzia sehemu tatu. Ni palepale.

Walipachagua kwa sababu zinazoeleweka hata kwa asiye mwanajeshi. Palikuwa na njia ndefu za kurukia na ardhi tambarare, Baghdad si mbali, na barabara kuu inayotoka Kuwait kupitia Baghdad kuelekea kaskazini, hadi mpaka wa Uturuki, hupita jirani. Jeshi la watu zaidi ya laki moja haliishi kwa risasi. Linakula, linakunywa, linaunguza dizeli, linahitaji matairi, dawa, sabuni na barua za nyumbani. Vitu hivyo vilishushwa bandarini Kuwait au vikaingia kwa malori kutoka Uturuki na Jordan, na Balad ikawa bohari vilikogawiwa kwa kambi ndogo. Wakati vita vilipopamba moto, Marekani ilikuwa na vituo 505 nchini Iraq, kuanzia nyumba moja yenye magunia ya mchanga hadi Balad yenyewe.

Sasa turudi kwenye huo mji ambao majirani zako hawauamini. Katika kilele chake inakadiriwa kambi ilikuwa na wanajeshi 28,000 na raia 8,000 wa makandarasi. Eneo lake ni kama kilomita 25 za mraba, na uzio wake ulikuwa na urefu wa kilomita 20 hivi. Palikuwa na Pizza Hut, Burger King, Subway na Popeyes, kumbi za mazoezi, mgahawa wa Kituruki, soko dogo la bidhaa za Kiiraqi, na mabasi ya kuzungusha watu ndani. Ukumbi wa sinema ulirithiwa kutoka kwa jeshi la anga la Iraq. Mwaka 2006 ripoti za magazeti zilieleza kwamba mwendo wa magari ndani ya kambi ulikomea maili 10 kwa saa, na kwamba kuna askari waliomaliza zamu nzima Iraq bila kumwona Mwiraqi nje ya geti. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Kambi ilijengwa ili anayeishi ndani asihitaji kitu chochote kutoka nchi iliyoizunguka.

Ila kutohitaji nchi kuna gharama, na gharama hiyo ilibebwa barabarani. Aprili 9, 2004, Ijumaa Kuu, msafara wa malori ya mafuta ulitoka Anaconda kuelekea uwanja wa ndege wa Baghdad. Karibu na Abu Ghraib ukavamiwa kwa bunduki na roketi kwa kilomita kadhaa mfululizo. Madereva wa KBR, kampuni ya Kimarekani iliyokuwa na mkataba wa kuhudumia kambi, na askari waliowasindikiza wakauawa, wengine wakatekwa. Dereva mmoja, Thomas Hamill, alitoroka mikononi mwa watekaji Mei 2 akiwa na jeraha mkononi. Mwanajeshi aliyetekwa siku ileile, Matt Maupin, mabaki yake yalipatikana mwaka 2008 tu.

Hao walikuwa Wamarekani na majina yao yanajulikana. Madereva wengi zaidi walitoka Pakistan, India, Ufilipino, Nepal na Uturuki. Afrika Mashariki nayo ilishaguswa mapema. Julai 2004 Wakenya watatu waliokuwa madereva wa kampuni ya usafirishaji ya Kuwait walitekwa pamoja na Wahindi watatu na Mmisri mmoja, na watekaji wakatishia kuwachinja. Waliachiwa Septemba 1, baada ya wiki sita. Serikali ya Kenya iliwataka raia wake wote waondoke Iraq. Wengine walibaki, maana nyumbani kulikuwa na watoto wa kusomesha. Nao mafundi wa Kituruki walikuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda kujenga ndani ya Balad. Januari 9, 2007, ndege aina ya Antonov iliyotoka Adana ilianguka ikikaribia kutua hapo. Watu 34 walikufa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa ujenzi.

Waganda walianza kupelekwa Iraq kwa wingi mwaka 2005. Wengi walikuwa wanajeshi na polisi wastaafu, wakaandikishwa Kampala na mawakala wa kampuni za Kimarekani. Mwaka 2007 wizara ya ulinzi ya Marekani iliunganisha kazi ya kulinda kambi zake Iraq katika mpango mmoja wa zabuni, na tangu hapo ajira zikaongezeka hadi Waganda wakafikia maelfu. Walisimama kwenye minara, wakakagua magari getini, wakasindikiza vibarua wa Kiiraqi, na wakaangalia vitambulisho kwenye milango ya mabwalo ya chakula. Mwanajeshi wa Kimarekani aliyekuwa na cheo kikubwa alilazimika kumwonyesha kijana wa Tororo au Gulu kitambulisho kabla ya kuingia kula. Kama kaka yako anasimulia hilo, nalo ni kweli.

Kwa nini Waganda na si Wamarekani? Sababu ni mbili. Kila mwanajeshi aliyeondolewa getini aliweza kupelekwa doria, tena bila kuongeza idadi ya wanajeshi ambayo wabunge na magazeti kule Washington walikuwa wakiihesabu. Mwaka 2008 ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa makandarasi walikuwa na watu wapatao 190,000 Iraq na nchi jirani, karibu sawa na idadi ya wanajeshi. Takriban asilimia 40 ya hao hawakuwa Wamarekani wala Wairaqi. Sababu ya pili ni bei. Waliotangulia walilipwa dola 1,000 au zaidi kwa mwezi. Kufikia 2009 mishahara mipya ilikuwa imeshuka hadi dola 600 hivi, kwa kuwa mawakala wa Kampala walikuwa wengi, kila mmoja akitaka zabuni kwa kupunguza bei, na foleni ya vijana waliotaka kwenda haikuisha. Hatari haikushuka pamoja na mshahara. Hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Utakuwa umesikia pia habari za walinzi wa Kiganda wasiojua kulenga shabaha. Habari hiyo haihusu Balad. Inahusu Al Asad, kambi nyingine kubwa huko Anbar. Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Triple Canopy ikidai kwamba walinzi 332 wa Kiganda walishindwa jaribio la kulenga, na kwamba alama zao zilighushiwa ili serikali ilipe. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.6 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Nimeona watu wakiitumia kesi hiyo kuwacheka Waganda, nami sikubaliani nao. Walinzi hawakushtakiwa. Aliyepaswa kuwafundisha, kuwapima na kusema ukweli kuhusu matokeo ni mwingine.

Wala kutumia walinzi wa kukodi si jambo lililoanza mwaka 2003. Waingereza walipokuwa na kambi yao ya anga ya Habbaniya, kando ya mto Frati magharibi mwa Baghdad, iliyofunguliwa 1936, ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa kikosi kilichoandikishwa kienyeji, wengi wao Waashuri, jamii ya Wakristo iliyokuwa imefukuzwa kwao wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwishoni mwa Aprili 1941, baada ya mapinduzi ya Rashid Ali al-Gaylani, jeshi la Iraq liliizingira Habbaniya kutoka juu ya uwanda unaoitazama. Kambi ile ilikuwa chuo cha urubani chenye ndege za mafunzo zilizochakaa, na kulikuwa na familia za raia ndani. Alfajiri ya Mei 2 Waingereza wakaanza kushambulia kwa ndege hizohizo za mafunzo zilizofungwa mabomu, na Mei 6 waliozingira wakaondoka. Marubani wakapewa sifa, na walistahili. Lakini walioshika uzio na kwenda kupigana kwa miguu, wengi walikuwa Waashuri wale. Waingereza walipoondoka Iraq, watu hao walibaki katika nchi iliyokumbuka walimtumikia nani. Nikisoma habari za Balad, mara nyingi namkumbuka mlinzi wa Habbaniya.

Ndani ya Balad hatari ilitoka angani. Karibu kila wiki, na kwa vipindi fulani kila siku, waasi waliokuwa mashambani walirusha makombora ya mota na roketi kuvuka uzio, kisha wakatoweka. Askari wakaipa kambi jina la utani lililotokana na mota hizo. Majengo yakazungushiwa kuta za zege zenye kimo cha kumzidi mtu. Baadaye ikaletwa mizinga ya kutoka kwenye meli za kivita, ile yenye mitutu mingi inayozunguka, ikafungwa nchi kavu ili ilipue makombora yakiwa bado hewani. King'ora kinalia, halafu mngurumo kama kitambaa kizito kinachochanwa angani. Mwulize kaka yako. Waliousikia hawausahau.

Kuna sehemu mbili za kambi ambazo mlinzi wa geti hakuingia kwa kawaida. Ya kwanza ni makao ya vikosi maalumu vya Jenerali Stanley McChrystal, vilivyokuwa vikiwasaka viongozi wa Al-Qaeda usiku kwa usiku. Operesheni zilizomfikia Abu Musab al-Zarqawi, aliyeuawa Juni 2006 karibu na Baquba, ziliongozwa kutoka hapo. Ndege zisizo na rubani aina ya Predator nazo ziliruka na kutua Balad, ila zikishapanda juu ziliendeshwa kwa setilaiti na watu waliokaa Nevada.

Ya pili ni hospitali, na hapo nitakaa kidogo. Jeshi la anga la Marekani liliendesha Balad hospitali kubwa ya majeruhi, mwanzoni katika mahema, baadaye katika majengo. Kutoka kiwanja cha helikopta hadi chumba cha dharura palikuwa na njia iliyofunikwa, na juu yake ilitandazwa bendera, ili aliyelala kwenye machela aione akipitishwa. Madaktari walisema majeruhi aliyefika hapo akiwa hai alikuwa na uwezekano wa kama asilimia 98 wa kuondoka akiwa hai. Upasuaji wa ubongo ulifanyika hapo. Bob Woodruff, mtangazaji wa Kimarekani aliyejeruhiwa kichwani kwa bomu la barabarani Januari 2006, alipasuliwa Balad kabla ya kusafirishwa Ujerumani. Sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa Wairaqi, watoto wakiwamo. Hema la kwanza la dharura lilipovunjwa, kipande cha sakafu yake ya zege kilikatwa na kupelekwa kwenye makumbusho ya tiba nchini Marekani, kwa sababu ya idadi ya watu waliolazwa juu yake. Katika kambi nzima sioni mahali palipofanya wema zaidi ya hapo.

Nje ya uzio mambo yalikuwa mengine. Mji wa Balad wenyewe una Washia wengi, na vijiji vinavyouzunguka, kama Yathrib, Ishaqi na Dhuluiya, ni vya Wasuni. Oktoba 2003 huko Dhuluiya wanajeshi wa Kimarekani waling'oa kwa buldoza mitende na miti ya machungwa na malimau, wenye mashamba wakiambiwa ni adhabu kwa kutowataja waasi. Mtende huchukua miaka kuzaa. Ukimng'olea mkulima mitende yake umemng'olea kazi ya baba yake. Oktoba 2006 vibarua wa Kishia kama 17 walitekwa na kuchinjwa katika eneo hilo, na kisasi kilichofuata Balad kikaua Wasuni wengi kwa siku chache, familia zikakimbia kuvuka mto. Yote hayo yalitokea kilomita chache kutoka mahali penye maelfu ya wanajeshi, helikopta na bwawa la kuogelea. Kambi ilikuwa na nguvu ya kupiga popote Iraq, na bado jirani zake hawakuwa na usalama. Nadhani uzio uleule ulioifanya ijitosheleze ndio uliochangia kuifanya isiwaone.

Sasa moshi. Mji wa watu zaidi ya 30,000 wanaokula kwenye sahani za kutupa na kunywa maji ya chupa huzalisha taka nyingi mno, na Balad haikuwa na matanuri ya kuchomea. Taka zilirundikwa kwenye shimo la wazi lenye ukubwa wa ekari 10 hivi, zikamwagiwa mafuta ya ndege na kuwashwa. Ziliunguzwa chupa za plastiki, matairi, rangi, betri, mbao, vyuma, mabaki ya chakula na taka za hospitali. Mwaka 2007 huenda zilifikia tani 200 kwa siku, na katikati ya 2008 jeshi lenyewe lilikadiria tani 147. Desemba 2006 afisa wa afya ya mazingira wa jeshi la anga aliyekuwa hapohapo aliandika waraka akionya kwamba shimo hilo ni hatari kwa afya, na akastaajabu kuwa liliachwa liendelee miaka yote hiyo bila udhibiti. Waraka huo ulikuja kufahamika kwa umma mwaka 2008. Matanuri yakaletwa, na shimo likafungwa karibu na Oktoba 2009. Kwa hiyo kaka yako, aliyefika 2008, alivuta moshi huo kwa sehemu kubwa ya kipindi chake, na mlinzi wa mnarani hana mlango wa kufunga wala kiyoyozi cha kumkinga.

Kabla ya kuja kwenye kikohozi, nikumalizie kilichoipata kambi. Mkataba uliosainiwa Novemba 2008 kati ya Baghdad na Washington ulitaka Wamarekani wote waondoke kabla ya mwisho wa 2011. Balad ilikabidhiwa kwa Iraq Novemba 8, 2011. Juni 2014, wapiganaji wa Dola la Kiislamu walipoiteka Mosul na kuteremka kusini, mafundi wa kigeni walihamishwa haraka kutoka hapo. Kambi yenyewe haikuanguka. Julai 2015 zilitua ndege za kivita za F-16 za kwanza ambazo Iraq ilizinunua Marekani, na hapo ndipo makao yake hadi sasa. Mafundi wa Kimarekani waliozihudumia waliondolewa zaidi ya mara moja, mwaka 2020 na tena 2021, kwa sababu ya roketi za wanamgambo. Januari 12, 2020 roketi hizo ziliwajeruhi wanajeshi wanne wa Iraq.

Kikohozi cha kaka yako. Siwezi kukuambia kimetokana na nini. Hiyo ni kazi ya daktari wa mapafu, na aende akapimwe uwezo wa kupumua kwa mashine, si kusikilizwa kifua tu na kupewa dawa ya kikohozi. Amweleze daktari kwa maneno wazi: nilifanya kazi Balad mwaka 2008 na 2009, karibu na shimo la kuchomea taka. Mwaka 2011 taasisi ya tiba ya Marekani ilichunguza vipimo vya hewa vilivyochukuliwa Balad yenyewe. Ilisema ushahidi hautoshi kuthibitisha magonjwa ya muda mrefu yaliyosababishwa na shimo, na kwamba vumbi na moshi wa injini navyo vilichafua hewa vibaya. Usiisome hiyo kama cheti cha usalama. Ilikuwa ni kusema vipimo ni vichache.

Agosti 2022 Rais Joe Biden, ambaye mwanawe Beau alitumikia Balad na baadaye akafa kwa saratani ya ubongo, alisaini sheria inayowarahisishia wanajeshi wastaafu wa Marekani kupata matibabu na fidia kwa magonjwa kadhaa yanayohusishwa na mashimo hayo. Watu watakuambia kaka yako naye anaingia humo. Haingii. Sheria ile ni ya wanajeshi wao, haiwahusu watu wa makandarasi. Kesi zilizofunguliwa dhidi ya KBR kuhusu mashimo nazo zilitupwa, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuzisikiliza.

Mlango wake ni mwingine. Tangu 1941 Marekani ina sheria ya bima kwa wote wanaofanya kazi chini ya mikataba ya kijeshi nje ya nchi, wawe raia wa Marekani au la. Mwajiri analazimika kuwa na bima hiyo. Mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi anastahili matibabu, na akishindwa kufanya kazi kabisa, theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake. Akifa, mjane na watoto wana haki yao. Waganda wengi walirudi nyumbani bila kuambiwa kwamba sheria hii ipo. Madai hupelekwa wizara ya kazi ya Marekani kwa fomu ya LS-203. Kwa jeraha la kawaida muda ni mwaka mmoja. Kwa ugonjwa unaojitokeza polepole kutokana na kazi, ni miaka miwili tangu mtu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ugonjwa unatokana na kazi ile. Ndiyo maana maandishi ya daktari yana uzito, na tarehe yake vilevile. Kama kuna daktari aliyekwisha kumwambia hivyo miaka iliyopita, amweleze wakili mapema, jambo hilo lisije likafichuka baadaye.

Akusanye mkataba wake, kitambulisho cha kambi, hati za mshahara, picha, na majina ya wenzake wa zamu. Na mtu yeyote atakayemtaka alipe kwanza ndipo afunguliwe madai, amwache aende zake. Chini ya sheria hiyo ada ya wakili lazima iidhinishwe na mamlaka ya Marekani inayosikiliza madai, na kesi ikishinda kwa kawaida hulipwa na kampuni ya bima.